Mguu wa Kufungulia Shamba

Mnaoniona leo nikipita njia ya mtoni na bakora yangu, mguu wa kulia ukikwaruza mchanga kidogo, mnanipa pole. Mnasema, maskini Mama Komora, kiharusi kimemtesa. Ahsanteni, lakini pole hiyo ipunguzeni. Kiharusi kilinitesa kweli. Ila mambo niliyoyafanya nikiwa mgonjwa hayakufanywa na kiharusi. Niliyafanya mimi kwa mdomo wangu, mdomo ambao hata ulipokuwa umepinda haukuacha ubaya wake.

Mwezi uliopita alipitishwa hapa mwanamke mmoja wa Kau, amelazwa ndani ya mtumbwi, mguu wake umekufa kama ulivyokufa wangu. Aliponiona nimesimama akaniuliza, "Dada, uliuponyaje?" Nikamweleza habari ya unyoya na mchanga. Habari nyingine nikamficha. Mtumbwi ulipoondoka nikajiona mwongo tena, nami nilikuwa nimeapa kuuacha uongo. Kwa hiyo nimeketi niandike yote. Kusoma na kuandika nilifundishwa na wamisheni nikiwa msichana, na mkono wangu huu sasa unashika kalamu, ingawa unachoka haraka.

Kijiji chetu hakiko mbali na Wema, chini kidogo ya Garsen. Sisi Wapokomo mpunga wetu tunaupanda kwa kufuata maji ya Mto Tana. Mto unafurika, maji yanaingia mashambani, yanakaa, halafu yanashuka. Kazi ni kuijua siku ya kutia mbegu. Ukiwahi, chini bado kuna maji, mbegu inaoza. Ukichelewa, udongo unakauka na kupasuka. Kijijini kwetu siku hiyo haijulikani kwa macho. Inajulikana kwa mguu.

Mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye anayefungua shamba. Anaingia peku, kwa mguu wa kulia, anauzamisha topeni hadi kifundoni, anatulia. Juu tope lina joto la jua. Chini lina baridi. Baridi ikiwa bado inauma unyayo, anasema "bado," watu wanarudi nyumbani. Baridi ikishapungua, tope likaanza kuubana mguu pande zote, anasema "tayari," na wake wa wanawe wanaingia na vijiti vya kupandia. Kabla hajasema yeye, hakuna anayetia hata punje moja.

Marehemu mama mkwe alinikabidhi shamba akiwa bado ana nguvu zake, na tangu siku hiyo sikukosea. Nilijivuna, sitawaficha. Jirani yangu Habona, ambaye ni rika langu, alikuwa akinitania kwamba mguu wangu ungefaa kuajiriwa na serikali. Basi ukaitwa hivyo, mguu wa serikali, nami nikacheka na kuupaka mafuta.

Mwanangu Komora alimwoa Kadzo, binti wa Kigiriama. Watu wake walikuja kutoka kusini wakakaa nchi ya juu, wanalima mahindi na mihogo. Sikumpenda. Hakunikosea kitu, ila alikuwa mkimya, na mimi mtu mkimya akikaa karibu nami nawashwa na ulimi. "We Kadzo, miguu yako hiyo imezoea vumbi, ukiitia topeni tutakuja kuivuta kwa kamba." "We Kadzo, mpunga hauzikwi kama mahindi." Wanawake walikuwa wakicheka, na nikiona wanacheka naongeza. Yeye hujibu, "Ndiyo, Mama," akaendelea na kazi. Hata kumfundisha sikumfundisha. Miaka mitatu alitia mbegu nilipomwonyesha kidole, wala hata siku moja sikumwambia kwa nini.

Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki. Komora akaenda Galole, kule wanakoita Hola, walipokuwa wakichimba mifereji ya maji ya mashamba. Nyumbani tukabaki wawili, mimi na mkwe nisiyemtaka.

Kiharusi kilinikuta wakati wa kiangazi, asubuhi, napepeta mchele. Ungo ukaanguka. Nikajiuliza mbona nimeuachia. Nikataka kuuokota, mkono ukakataa. Mara niko chini, chenga zimenijaa puani. Nikaita, "Kadzo!" Ikatoka sauti ya mbuzi.

Alikuja mbio. Wanawake wakajaa, huyu anasema nimepigwa na upepo mbaya, yule anataka nifukizwe moshi. Kadzo hakubishana na mtu. Alikwenda akatafuta mtumbwi na wanaume wawili wa kuusukuma, akanilaza ndani, tukapanda mto kwenda Garsen.

Njiani nikajikojolea. Ndiyo, mimi, Mama Komora, mbele ya wanaume wawili. Nilihisi upande mmoja tu umelowa, upande wa pili sikujua. Nilitamani mtumbwi ule upinduke tuzame sote. Kadzo aliona. Akachota kata ya maji mtoni, akanimwagia mapajani, akachota nyingine, kisha akasema kwa sauti, "Jamani, mtumbwi wenu huu unavuja!" Wale wanaume wakaapa hauvuji. Wakaanza kuinama na kuupapasa kila upande, wanatafuta tundu, hadi tukafika. Hawakujua kitu. Leo nikikumbuka nacheka mpaka machozi. Siku ile nilimchukia, kwa kuwa yeye alijua.

Zahanati ya Garsen ilikuwa na baraza yenye benchi moja refu. Nimekaa kwenye benchi lile nusu ya uhai wangu, naona hivyo. Kulikuwa na wafugaji wenye fimbo zao, akina mama wenye watoto wa homa, harufu ya dawa ya vidonda na ya ngozi za ng'ombe. Mate yananitoka upande mmoja, Kadzo anafuta kwa ncha ya leso. Mwanamke mmoja wa Kiorma alininyooshea kibuyu cha maziwa. Nikanywa, nusu yakanimwagikia kifuani. Akafanya kama hakuona, akageuka kumsemesha mtoto wake. Mungu ambariki popote alipo.

Nyuma ya zahanati kulikuwa na banda la wagonjwa wa mbali. Tulikaa humo majuma matatu. Kadzo alinigeuza, akanisafisha, akaniosha. Kwetu mkwe hauoni mwili wa mama wa mumewe. Yeye aliuona wote, asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa nafumba macho, eti nikifumba mimi na yeye haoni.

Dresa pale, yule wa kufunga vidonda na kutoa dawa, alikuwa mzee wa Kiorma, jina lake Galgalo. Wakati wa vita aliuguza askari waliojeruhiwa, na huko ndiko alikojifunza habari za miguu iliyokufa. Alichukua mwiba akanichoma unyayo wa kulia. Kimya. Akanichoma tena. Kimya. Nikaanza kulia.

"Usilie, Mama," akasema. "Mguu hii haijakufa. Imesahau tu. Wewe kumbusha yeye."

Akamwita Kadzo akamwonyesha. Kila siku mara tatu, mguu usuguliwe kwa kipande cha gunia, kisha kwa mchanga mkavu, kisha upitishwe unyoya wa kuku. Baadaye maji ya baridi, kisha maji ya vuguvugu. Kwanza mgonjwa aangalie kwa macho yake panapoguswa. Halafu afumbe macho aseme ameguswa wapi, na kwa kitu gani.

"Maji ya moto, wewe pima na kiwiko yako," alimwambia Kadzo. "Yeye akisema sawa, usiamini. Mguu yake itaungua na yeye hapana jua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Mama, kama husikii, sema sisikii. Ukidanganya, hii yote kazi bure."

Nikaitikia kwa kichwa. Lo, kuitikia ni rahisi.

Tulirudi nyumbani, na mwezi ule wa kwanza ukawa mwezi wa gunia. Kadzo anaamka, anawasha moto, anakuja kukaa chini mbele ya kitanda changu, anaupakata mguu wangu mapajani mwake. Shh, shh, gunia linakwenda. Naona ngozi inakuwa nyekundu, lakini sipati habari yoyote kutoka huko, ni kama anamsugua mtu wa nyumba ya pili. Halafu, "Fumba macho, Mama. Nimegusa wapi?"

Nilikuwa nachungulia. Niseme tu. Nilikuwa nabana kope nikiacha mwanya, naona unyoya uko kidole gumba, nasema, "Kidole gumba." Naona uko kisiginoni, nasema, "Kisigino." Sikutaka aseme kila siku "hapana, Mama, si hapo," kwa sauti ile ile niliyokuwa nikimwambia mimi "hapana, si hivyo" shambani. Siku ya tatu alichukua leso akanifunga macho. Akauliza. Nikakisia. Nikakosa yote. Akaendelea kusugua.

Jambo la moto nalo lilitokea, kama alivyosema dresa. Siku moja nilikuwa nimekaa jikoni, nimejiegemeza, nasikia harufu ya nyama. Nikauliza kwa hamu, "Kadzo, leo umepata nyama wapi?" Kadzo akageuka, akapiga ukelele, akaruka kunivuta. Kidole changu kidogo cha mguu kilikuwa juu ya kaa la moto. Kidonda kile kilikaa mpaka masika, na kila alipokifunga nilikuwa namwambia anafunga vibaya.

Komora alikuja kuniona mara moja katika siku hizo. Alisimama mlangoni. Alikuwa hawezi kunitazama mdomo, anatazama paa, ukuta, mikono yake. Akatoka nje nikamsikia analia nyuma ya nyumba. Kisha akarudi Galole kazini. Sikumlaumu. Hata mimi ningepata pa kwenda, ningeondoka nikajiacha pale.

Masika yakaja, mto ukajaa, maji yakaingia mashambani. Kufikia hapo nilikuwa nasimama. Mkono umerudi kiasi, mdomo umenyooka, maneno yanatoka sawasawa. Mguu unabeba uzito nikiukaza, lakini ni kukanyagia gogo. Maji ya baridi hausikii, maji ya vuguvugu hausikii. Majirani wakiniuliza nasema, "Alhamdulillahi, mguu umerudi." Mkristo mimi, lakini uongo ule niliona unahitaji maneno mazito.

Maji yakashuka. Habona alikuwa amekwisha kufungua la kwake, ambalo liko juu kidogo. Basi asubuhi moja akaja na wanawake wengine watatu. Kumsindikiza mwenzio akifungua shamba ni heshima, na mimi niliyetoka mauti nilistahili heshima mara mbili. "Haya, Mama Komora," akasema, "leo tumekuja kuuona mguu wa serikali!"

Tulikwenda. Mimi mbele na bakora, wao nyuma, Kadzo wa mwisho amebeba kapu la mbegu. Ilikuwa mbegu yote ya nyumba.

Tulipofika ukingoni nikasimama. Mguu wa kushoto ulikuwa mzima kabisa. Ningeutia huo, ningejua mara moja. Lakini nani amewahi kufungua shamba kwa mguu wa kushoto? Ningekuwa nimetangaza. Na mama asiyeweza kufungua shamba humwachia mwingine, akakaa nyumbani kufukuza kuku kwenye mkeka wa mpunga. Nilijiona niko na ule mkeka na wale kuku.

Kadzo akanisogelea, akasema polepole, "Mama, jua kali leo. Turudi keshokutwa?"

Nikadhani ananidharau mbele ya watu. Nikautia mguu wa kulia topeni. Niliuona unazama. Niliona tope linapanda hadi kifundoni. Kusikia, sikusikia kitu. Nikafumba macho kama nilivyozoea, nikakaa muda ule ninaokaa siku zote, nikainua kichwa nikasema, "Tayari!" Kisha nikaongeza, maana sikuweza kuacha kuongeza, "Wewe Kadzo, ingia. Tangu lini wewe ukanifundisha mpunga?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Kadzo hakunitazama usoni. Aliutazama mguu wangu, akautazama kwa muda. Halafu akaingia na kapu lake.

Siku zikapita. Mashamba ya wenzetu yakachipua, la kwetu likabaki jeusi. Nilimtuma Kadzo akachimbue aone. Alirudi na punje chache kiganjani, zimelainika kama uji, zinanuka. Akanionyesha.

Jioni Habona akaja. "Jamani, kumetokea nini? Mbona la kwenu halikuota?"

Hapa ndipo ninapotaka wewe dada wa Kau unisikilize. Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa watatu tu, mimi, Habona na Kadzo aliyekuwa anachochea moto. Ningesema neno moja likaisha. Nilisema hivi: "Mimi nilifungua vizuri, mliniona wenyewe. Labda huyu aliizika chini sana, kama mahindi yao."

Habona akacheka. Kesho yake mto mzima ukacheka. Wakampa jina, Kadzo Mahindi. Akienda kuchota maji anaitwa hivyo, akipita njiani watoto wanamwita hivyo. Komora aliposikia alikuja kutoka Galole, akamgombeza mkewe mbele ya watu, akamuuliza ana kichwa au ana boga. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka. Nikainama nikajifanya nanyoosha leso. Kadzo alisimama mikono nyuma, akangoja mumewe amalize. Akatazama upande wangu mara moja. Nikaangalia kuku.

Njaa ikabisha hodi. Baba yake Kadzo alipata habari, akashuka kutoka nchi ya juu na punda mwenye magunia mawili ya mahindi. Mzee mpole, nguo zake zimejaa vumbi la safari. "Mkwe wangu," aliniambia, "mgonjwa ale kwanza, wazima watafuata." Nikasema ahsante. Mahindi yale niliyala miezi mingi. Niliyala ugali, niliyala ya kuchemsha, na kila tonge nilikuwa najua natafuna nini.

Kadzo akaanza vibarua vya kupalilia mashamba ya wengine, analipwa kwa mpunga. Wanampa kazi huku wanamcheka. Lakini kabla hajaenda, kila asubuhi, huja kukaa mbele ya kitanda, anaupakata mguu, anasugua kwa gunia, kwa mchanga, kwa unyoya. "Unasikia?" Siku hizo niliacha kudanganya kuhusu mguu. "Sisikii," nasema. Ule uongo mkubwa nikabaki nao kooni.

Nikaenda tena Garsen, nikakaa tena kwenye benchi. Galgalo akanichoma na mwiba wake. Kimya. "Endelea," akasema. Nikamwambia nimechoka. Akasema yeye pia amechoka, na ng'ombe wake wamekufa wengi, lakini kesho atakuja kazini. Vuli ikaja ikapita. Nilikuwa na mwezi wa mchanga, mwezi wa maji, kisha tena mwezi wa gunia.

Ilikuwa kiangazi, mwaka mzima na siku kadhaa tangu ungo unianguke. Kadzo alikuwa amemaliza kunisugua, anaufuta mguu mchanga kwa kiganja kitupu. Macho yangu yamefungwa leso. Nikasikia kitu kinakwaruza chini ya kisigino. Nikasema, "Mbona umerudia gunia?"

Kiganja kikasimama. "Sijarudia gunia, Mama."

"Hicho ni nini, basi? Kinakwaruza."

"Ni mkono wangu."

Nikaifungua ile leso. Nikaushika mkono wake nikaugeuza. Haki ya Mungu, sikuwahi kuutazama mkono ule. Ulikuwa na sugu kutoka vidoleni hadi kwenye kiganja, na mipasuko iliyojaa udongo usiotoka, kwa sababu ya vibarua, kwa sababu ya shamba nililoliozesha. Kitu cha kwanza mguu wangu kusikia baada ya mwaka kilikuwa zile sugu. Kadzo alikuwa anacheka na kulia, anaita, "Umesikia, Mama! Umesikia!" Mimi nikajifunika uso. Alidhani ni furaha.

Baada ya hapo kisigino kilirudi, kisha ukingo wa nje, kisha katikati ya unyayo. Havikurudi kwa raha, ujue hivyo. Vinarudi kwa kuwasha, kwa kuungua, kama siafu wameingia ndani ya ngozi. Usiogope siafu hao, waache watembee. Baridi nikaanza kuijua, kwanza kwa kuchelewa, naguswa sasa najua baadaye. Vidole vikabaki vimelala.

Masika ya pili yakaja. Mto ukajaa, ukashuka. Mbegu safari hii ilikuwa kidogo, ni ile aliyoikusanya Kadzo kwa vibarua, konzi kwa konzi. Habona na wenzake wakaja tena kusindikiza. Njiani nikasikia mmoja ananong'ona, "Leo Mahindi asizike tena." Wakacheka chini chini. Kadzo alikuwa nyuma, kapu kichwani.

Tulipofika ukingoni nikageuka nikawatazama.

"Habona," nikasema, "na ninyi wenzangu, kabla sijautia mguu nina neno. Mwaka jana mguu huu ulikuwa hausikii kitu. Nilisema tayari nami sijui kama nimekanyaga tope au mkeka. Kadzo hakuzika mbegu. Alifanya nilivyomwamuru. Mbegu niliiozesha mimi, kisha nikamsingizia yeye."

Habona alinitazama kama amekutana nami njiani mara ya kwanza.

"Mama Komora," akasema, "umetufanya tumcheke mtoto wa watu mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Na sisi tukacheka!" Akajishika kichwa. "Lo! Wewe mwanamke una moyo gani?"

Nilimgeukia Kadzo. "Nisamehe," nikamwambia.

Kadzo aliliteremsha kapu, akalipanga vizuri lisimwagike. "Nilijua, Mama," akasema.

"Ulijua nini?"

"Asubuhi ile kabla hatujaja, nilikuchoma mwiba mara tatu umefungwa macho. Hukushtuka. Ndiyo nikakuambia turudi keshokutwa, nikidhani tutapata siku mbili za kufikiri."

"Kwa nini basi ulitia mbegu?"

"Ulikuwa umekwisha kusema mbele ya watu. Ningekujibu nini? Ningekuvua nguo hapa?"

Nikasema, "Na hilo jina walilokupa? Na Komora alipokugombeza? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Kila asubuhi nikikushika mguu nasema moyoni, leo atasema."

"Na kama ningekufa sijasema?"

Akafikiri. Kadzo ni mtu wa kufikiri. "Ningekuzika tu, Mama."

Habona akaangua kicheko, akakishika kwa mkono mdomoni, kikamtoroka. Wengine nao wakacheka. Mimi nilikaa chini pale ukingoni, bakora pembeni, nikalia kama mtoto, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Nilipomaliza nikasimama, nikautia mguu topeni. Kisigino kikaniambia baridi. Katikati ya unyayo pakaniambia labda. Vidole havikusema kitu. Siku nyingine ningeufanya huo "labda" kuwa neno la Mungu. Nikamwita, "Kadzo, mwanangu, njoo. Tia mguu wako hapa karibu na wangu. Wa kulia."

Akasita, akawatazama wale wakubwa. Habona akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Akaingia. Miguu yetu ikazama pamoja, wake mweusi wenye nguvu, wangu umekonda una kovu kidoleni.

"Fumba macho. Unasikia nini?"

"Juu joto."

"Chini?"

"Baridi. Inauma kisiginoni." Akafumbua macho. "Na huku vidoleni kama maji yanapita."

"Basi sema neno lake."

"Bado," akasema, kidogo tu.

"Sema wasikie."

"Bado!"

Tukageuka wote tukarudi nyumbani na mbegu yetu. Siku ya nne akaingia tena, akasema tayari, nasi tukapanda. Mimi nilikuwa ukingoni, nashika kapu. Mwaka ule shamba letu lilijaa, na tangu hapo shamba anafungua Kadzo. Lile jina la Mahindi lilichukua muda kufa, maana watoto hawasahau upesi, lakini Habona alikuwa akiwafukuza kwa fimbo.

Basi dada wa Kau, hiyo ndiyo dawa nzima. Gunia, mchanga, unyoya, maji ya baridi, maji ya vuguvugu yaliyopimwa na kiwiko cha mwingine. Usikae karibu na moto. Aibu ya kuoshwa inapita, usiipiganie. Na huyo anayeupakata mguu wako akikuuliza kama unasikia, mjibu ukweli siku hiyo hiyo, usimngojeshe mwaka.

Vidole vyangu viwili vya mwisho havijarudi mpaka leo. Kadzo akiniuliza, namwambia havisikii.